Programu Tisa, Nyimbo Sita

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelichukua kazini, duka la kuchapa na kutoa nakala, kwa sababu jalada limepinda na hakuna mteja angelinunua. Nitaandika humu kila programu ya kurekodi nitakayoijaribu, uzuri wake na ubaya wake, mpaka nipate moja ya bei ninayoimudu. Sitaki kubahatisha. Dada yangu ana nyimbo sita alizotunga mwenyewe, na amepangiwa upasuaji wa shingo tarehe sita Mei. Uvimbe lazima utolewe. Daktari kamwambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi ile ile. "Kama una la kuimba, imba kabla," kamwambia. Dada akacheka, akatoka hospitali akaja moja kwa moja kwangu, na kikapu chake cha mashuka ya gesti mkononi. Yeye ni dobi.

Nilipiga kinanda miaka kumi na tatu kwenye bendi ya harusi, yeye akiimba mbele. Nyimbo za watu wengine, siku zote nyimbo za watu. Tuliwahi kuingia studio mara moja tu, na mwenye studio alituharakisha kama tumekwenda kupiga picha za pasipoti. Sauti ya Dada ilitoka nyembamba, na kinanda changu hakikusikika kabisa. Safari hii hakuna wa kutuharakisha. Wiki tisa ni nyingi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Chumba cha uani kina bati tupu, ikinyesha humsikii hata aliye mbele yako. Nimebandika trei za mayai ukutani na kutundika mablanketi mawili. Mke wangu kauliza sisi tutajifunika nini. Nimemwambia ni kwa muda tu.

Jumamosi, 9 Machi

Programu ya kwanza. Ni ya bure kabisa, haina siku za majaribio wala akaunti, haikuulizi hata jina. Kaniletea fundi simu wa jirani, tunayemwita Kebo kwa sababu mifuko yake haikosi nyaya. Kaiweka kwa dakika nne.

"Kaka, wewe rekodi na hii hii," kasema. "Sauti ukishaipata ni yako. Baadaye utaifungua kwenye programu yoyote roho yako inayoitaka."

Nimemshukuru. Lakini Kebo ni mtu wa kubadilisha vioo vya simu, muziki ataujulia wapi? Programu yenyewe ni ya kijivu, ina vitufe vikubwa vya kitoto. Nimemweka Dada mbele ya maiki. Akafumba macho, akaanza: "Nimefua, nimeanika, wewe mvua una nini na mimi..." Nikamkatiza. "Hapana, Dada, bado. Usiimbe, hesabu tu. Najaribu." Akahesabu moja mpaka tano.

Sauti imeingia vizuri, sikatai. Ila sijawahi kuona mtu akigawa kitu kizuri bure. Nimeipa sita kwa kumi. Kipande cha jaribio nimekihifadhi kwenye flashi ili nilinganishe na vya programu nyingine.

"Umemaliza?" Dada kauliza.

Nikamwambia ndiyo kwanza tunaanza.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Programu ya pili na ya tatu. Ya pili nimeiita Bwana Harusi: imevaa vizuri, inameremeta, na kompyuta yangu ilipoiona tu ikazimia, nikaiwasha tena ndipo ikakubali. Ya tatu nimeiita Shangazi. Ukifungua anataka kitu. Ada ya kila mwezi, mtandao kila mara ahakikishe umelipa, na bado kila efekti nzuri ina kufuli lake la pembeni. Dada kahesabu moja mpaka tano kwa zote mbili, mara nne nne. Kakohoa kidogo. Kasema ni sabuni ya kazini.

Bwana Harusi nne kwa kumi. Shangazi tano.

Jumatano, 20 Machi

Nimepata kitu. Ya nne mpaka ya sita tumezipitia juzi na jana; ya saba nimeiita Mjomba. Kila mtu kwenye video anasema studio za kweli zinaitumia hii. Ina kila kitu, sauti inakaa mahali pake, mwangwi wake mtamu. Bei ni ya kukufanya ufunge ukurasa, lakini wanatoa siku thelathini za majaribio, na mwisho wa Aprili wana punguzo la nusu. Nusu naiweza. Ubaya mmoja: ndani ya siku za majaribio unarekodi na kusikiliza, ila kuutoa wimbo uliokamilika nje ya programu hakuruhusiwi mpaka umelipa. Mjomba ni hivyo hivyo, anakualika chakula halafu anakaa na ufunguo wa kabati.

Tisa kwa kumi. Hata hivyo zimebaki mbili kwenye orodha yangu, na sitaki kuja kujuta.

Jumapili, 24 Machi

Dada alikuja amevaa gauni lake la bendi, lile la kijani. Sikumwelewa. Kumbe alidhani leo tunarekodi. Nikampa hedifoni asikilize sauti yake akihesabu, ya nne na ya saba, aniambie ipi ina joto zaidi. Akasikiliza zote mbili kwa adabu.

"Zote ni mimi," akasema. "Umemaliza, mdogo wangu?"

Watu hawaelewi kazi hii.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Mke wangu anakohoa, anasema ni baridi. Ukimsikiliza utadhani mablanketi yale aliyafuma yeye.

Jumapili, 31 Machi

Ya nane na ya tisa. Moja ina njia nane tu za sauti, nyingine imetafsiriwa vibaya hata vitufe vyake havieleweki. Orodha imekwisha. Mjomba kashinda, ingawa Kebo bado anashikilia ile ya bure. Kila akipita dirishani anauliza, "Kaka, mmerekodi?" Namjibu bado, anaitikia kwa kichwa. Kichwa chake hicho kinaniudhi.

Shemeji, mume wa Dada, naye kaja na lake. Ni fundi wa vigae, mtu wa kupiga miluzi, asiyejua wimbo uko kwenye ufunguo gani wa muziki. Kasimama uani, kaangalia bati, kasema, "Shemeji, nikikutandikia magunia huko juu, mvua itapungua kelele." Nilicheka. Nikamwambia sauti haizibwi kwa magunia, kuna hesabu zake. Akasema sawa, akaendelea na mluzi wake.

Ijumaa, 5 Aprili

Siku kumi na sita zimekwenda kwa Mjomba. Mvua.

Jumapili, 7 Aprili

Tulijaribu. Mistari miwili, radi. Mstari mmoja, mvua. Dada kakaa saa tatu kwenye benchi akisubiri ikate. Sauti yake asubuhi ilikuwa safi, mpaka saa nane ilikuwa imeingia mchanga. Uvimbe sasa unaonekana hata amevaa kitambaa.

Jumapili, 14 Aprili

Nataka kuiandika siku hii yote.

Shemeji alikuja saa moja asubuhi na magunia ishirini na godoro kuukuu, bila kuniuliza. Akapanda na ngazi yake ya kazini. Alipomaliza akaniita ndani, akapanda tena juu na ndoo ya maji, akamwaga. Sikusikia kitu isipokuwa mvumo wa mbali. Nikamwambia nusu ya magunia yamekaa upande, akashuka akisema atayanyoosha.

Tukaanza saa nne. Dada alisimama bila viatu. Alitaka tuanze na ule wa kufua, ndio wimbo wake wa kwanza, kaniambia aliutunga siku mashuka ya gesti nzima yalipolowa kwenye kamba na bosi akamkata mshahara. Shemeji alitoa simu yake, akasema na yeye achukue kidogo kwa kumbukumbu. Nikamfukuza. Nikamwambia simu inaingiza mlio kwenye nyaya, azime au atoke. Akazima, akatoka.

Halafu Dada akaimba. Miaka kumi na tatu nimemsikia akiimba nyimbo za watu, nikadhani naijua sauti yake. Siijui. Kwenye ubeti wa tatu, anapomwambia mvua "hata mimi nina maji yangu, sijayamwaga kwa mtu," alishuka chini mahali ambapo sikujua kama anafika, akakaa hapo, akavuta pumzi, akapanda. Mvua ilikuwa inanyesha wakati wote na hakuna aliyeisikia.

Alipomaliza hakuuliza kama nimemaliza. Aliniangalia tu. Nilipaswa kumwambia nilichosikia. Badala yake nikasema, "Kuna pumzi kwenye ubeti wa tatu, imesikika sana. Nitairekebisha."

"Sawa," akasema. Akavaa viatu. Sauti ilikuwa imechoka, tukakubaliana zile tano tuzirekodi Jumapili zinazokuja. Wiki tatu zimebaki.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeipunguza ile pumzi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeirudisha. Bila pumzi wimbo unakuwa wa mtu mwingine.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu kupunguza nusu. Kebo kachungulia dirishani, kasikia sekunde chache, kavua kofia. Kasema, "Kaka, usiuguse huo." Nikamwambia arudi kwenye vioo vyake.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku za Mjomba zimekwisha jana. Leo anafungua dirisha moja tu la kudai malipo, na punguzo linaanza tarehe thelathini. Nilirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, hakudanganyika. Basi nimefanya wanavyofanya wengi: nimeifuta kompyuta yote, nimeiweka upya kama imetoka dukani, nimempakua Mjomba tena. Siku thelathini nyingine, bure. Zitanifikisha kwenye punguzo na zaidi.

Kwanza nilinakili wimbo kwenye flashi, faili lenye jina "Nimeanika". Ni dogo ajabu, lilinakiliwa kabla sijapepesa jicho. Mjomba anajua kubana vitu.

Jumapili, 21 Aprili

Leo tulikuwa turekodi wimbo wa pili, lakini Dada kaamka na homa ndogo, katuma ujumbe kwamba tuahirishe. Nikasema afadhali, nitamalizia ule wa kwanza.

Nikafungua faili. Zikaja njia zote za sauti, majina yake, rangi nilizozichagua, mwangwi, kila kitu mahali pake. Njia zenyewe tupu. Maandishi mekundu: sauti haikupatikana. Nikafunga, nikafungua. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikafanya hivyo sijui mara ngapi.

Nilimwita Kebo. Kaja mbio na sandali moja. Kaangalia flashi, kaangalia ukubwa wa faili, kaangalia tena.

"Kaka, hili faili ni daftari la mahudhurio tu," kasema. "Linajua nani anakaa wapi. Wanafunzi wenyewe walikuwa kwenye folda nyingine."

"Folda ipi?"

"Ile uliyoifuta."

Kaleta programu yake ya kufufua vitu vilivyofutwa. Tukakaa mpaka jioni. Ikatoa picha mbili za mke wangu, risiti za duka, na vipande vya sauti vya nusu sekunde ambavyo havina hata neno. Nilivyoisakinisha kompyuta upya, na Mjomba juu yake, nilikuwa nimeandika vitu vipya juu ya sauti ya Dada, nikaifunika. Kebo hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema, nipate wa kumkasirikia.

Sasa niandike la kweli, maana hakuna anayesoma. Wiki saba sikuwa natafuta programu. Ile ya kwanza ilitosha, nilijua siku ile ile. Nyimbo sita, zote zake, hakuna hata moja yangu. Miaka kumi na tatu nilikuwa nawaambia watu mimi ndiye mtunzi kwenye familia, na sijawahi kumaliza hata ubeti mmoja. Yeye anatunga akifua. Zikisharekodiwa zingekuwepo, na mimi ningebaki mtu wa nyaya. Nilikuwa namhesabisha moja mpaka tano na sehemu yangu fulani ilikuwa inafurahi. Nimeona aibu kuliandika hili kuliko nitakavyoona kulisema, na kulisema sitalisema.

Jumatatu, 22 Aprili

Hospitali imempigia Dada. Kuna mgonjwa kaahirisha, nafasi imepatikana keshokutwa. Asipoichukua atasubiri mpaka Agosti, na uvimbe unabana koo. Kakubali.

Jumanne, 23 Aprili

Alikuja saa tisa mchana, begi lake la hospitali tayari limefungwa, kaliacha mlangoni. Homa imepoa. Hakukuwa na mvua. Kwa mara ya kwanza tangu Machi anga lilikuwa jeupe, bati limekauka, hata kuku wa jirani walikuwa kimya. Akakaa kwenye benchi lake.

"Zile tano basi tena," akasema. "Sina huzuni. Ule mmoja ndio niliutaka. Upo salama?"

Nikasema, "Upo."

"Kweli?"

"Upo, Dada."

Akaangalia maiki. "Nirudie hata mara moja? Sauti leo ipo, naisikia. Kwa ajili ya ile pumzi yako."

Maiki ilikuwa imewashwa. Ile ya bure ningeweza kuiweka kwa dakika nne. Lakini ningerekodi upya kwa sababu gani, kama upo? Ilibidi kwanza nifungue mdomo nimwambie, na mdomo ulikataa. Nikasema, "Hapana, usijichoshe. Ule umetosha."

Akanishika kichwa, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Naenda nimetulia." Akabeba begi lake akaondoka. Nilimsikia akiimba njiani, mstari ule ule wa kwanza, mpaka akakata kona.

Jumatano, 24 Aprili

Saa tano za upasuaji. Katoka salama.

Ijumaa, 26 Aprili

Shemeji kaja dukani, kasimama kwenye foleni ya wateja kama mtu wa kawaida. Zamu yake ilipofika kanipa simu. "Niwekee wimbo wake. Hawezi kuongea, lakini ameniandikia anataka ausikie akiwa kitandani."

"Bado nachanganya sauti zake," nikasema.

"Nipe hata mbichi."

"Mbichi haitolewi, Shemeji."

Hakubisha. Alinitazama tu, yule mtu niliyekuwa nasema hana sikio, na nadhani alisikia kila kitu. Akachukua simu yake akaenda.

Jumanne, 30 Aprili

Punguzo limeanza. Nusu ya bei, kama walivyoahidi.

Jumatatu, 6 Mei

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Daktari kasema kamba moja ya sauti imelala, haitikisiki. Kuongea kutarudi kidogo kidogo. Kuimba hakumwahidi.

Jumanne, 7 Mei

Nimeshusha mablanketi. Yananuka ukungu, mke wangu kayafua mara mbili.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua zimekwisha. Dada amekuja leo asubuhi na Shemeji, kitambaa shingoni, amekonda. Akijaribu kusema inatoka hewa yenye mikwaruzo, na amekatazwa kuilazimisha. Amekaa kwenye benchi lake, akanionyesha kompyuta kwa kidole.

Nimemwambia. Nilianza na Mjomba na siku thelathini, nikajiona nazungukazunguka, nikasema tu: wimbo haupo, niliufuta mwenyewe, na ile Jumanne ulipouliza nilikudanganya. Shemeji akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama akiangalia magunia yake juu ya bati, hapigi mluzi.

Dada hakulia. Akaonyesha kompyuta tena. Nikamwambia hakuna kitu, Dada, kuna majaribio tu, yamebaki kwenye flashi. Akaonyesha mara ya tatu, kwa nguvu.

Nikayacheza. Yapo manane, la Mjomba halikuwahi kutoka. La kwanza likaanza: "Nimefua, nimeanika, wewe mvua una nini na mimi..." na hapo hapo sauti yangu juu ya yake, "Hapana, Dada, bado. Usiimbe, hesabu tu." Halafu moja mpaka tano. La pili, moja mpaka tano. La tatu, moja mpaka tano na kikohozi. Nilitaka kusimamisha, akanizuia mkono. Alisikiliza yote manane ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya bendi ikitafuta ufunguo wake. Mwisho wa la nane anasikika akiuliza, "Umemaliza?"

Akaomba kalamu. Karatasi niliyokuwa nayo ni daftari hili. Akalifungua mwanzo, akapekua taratibu, sita kwa kumi, nne kwa kumi, tisa kwa kumi. Kwenye tarehe ishirini na moja alikaa muda mrefu. Sikumnyang'anya. Akafika ukurasa huu, akaandika, akalifunga, akanirudishia, akatoka kwenda kwa mumewe. Mwandiko huu ni wake:

*Ya kwanza ndiyo nzuri. Ile ya bure.*